Kivuli cha Rangi ya Mafuta

Fundi alisikia viatu vya mkewe vikisimama ghafla kichochoroni, akajua harufu imeshamfikia. Hakuweka brashi chini. Alikuwa amebakiza kisigino tu, na kisigino ndicho kilichompa taabu tangu asubuhi, kwa sababu mtoto mwenyewe hakuwahi kutulia akasimama na visigino vyote viwili chini.

"Nani amefungua rangi ya mafuta ndani ya nyumba yangu?"

Mke alikuwa mlangoni, furushi la vitambaa kwapani, pua ameikunja. Miaka yote nyumba ile ilikuwa haijanusa rangi ya mafuta. Ilikuwa nyumba ya mpaka rangi, lakini kuta zake zilipakwa rangi ya maji peke yake, ile isiyonuka sana, tena madirisha yakiwa wazi na mtoto ameshindishwa kwa jirani. Mtoto huyo, Kijiti, alikuwa na pumu. Makopo ya kazi yalilala kibandani nyuma ya nyumba, na Fundi akirudi jioni alivua ovaroli pale bombani, akajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi iwashe, ndipo akaruhusiwa kuingia na kumshika mwanawe. Sheria hiyo aliiweka mke, na Fundi hakuivunja hata siku moja. Sasa Kijiti alikuwa amezikwa, mwezi haujaisha, na mwenye sheria alikuwa amesimama anaangalia ukuta.

Ukutani palikuwa na kivuli cha mtoto wa kike. Hakina macho, hakina mdomo, kijivu kitupu, cheusi zaidi kidogo chini na chepesi juu. Kimesimama kwa mguu mmoja, kimeinama, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine unavuta kiatu cha shule. Vishungi viwili vya nywele vimechomoza kichwani kama pembe za mbuzi mdogo.

"Hiki nini?"

"Unakijua."

"Nimekuuliza, hiki nini!"

"Ni yeye," Fundi alisema. "Anavua viatu."

Furushi lilianguka. Mke hakuliokota. Alisogea hatua moja, akarudi nyuma, akafunika mdomo, kisha akaufunua ili aseme alichotaka kusema.

"Siku ya tatu baada ya kumzika mwanangu ulikuwa juu ya ngazi ya watu unapiga rangi. Hukutoa chozi, hata la kusingizia. Mimi nafua nguo zake, nazikunja, nazikunjua, nazifua tena. Wewe unakula, unalala, unakoroma. Halafu leo unaniletea mapicha?"

"Sikuwa nakoroma."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Fundi alitaka kumwambia kwamba yeye, kwa ile sheria ya bombani, alimjua mtoto kwa kivuli kuliko kwa sura. Kila jioni alisimama pale nje, povu mwilini, jua likimpiga mgongoni na kuingia mlangoni, na kabla hajamwona Kijiti alikiona kivuli chake ukutani kikirukaruka kwa mguu mmoja. Walikuwa na mchezo wao. Fundi akiinua mkono kwa nje, kivuli nacho kinainua mkono ndani. "Nani huyo mrefu?" anauliza Fundi. "Mimi!" Hayo yote alikuwa nayo, ila mdomo wake haukuzoea kubeba vitu vya namna hiyo.

"Umemchora kwa kitu kilichomuua," mke alisema.

"Daktari alisema ni mapafu. Homa ilishuka kwenye mapafu."

"Daktari hakuwa akifua ovaroli zako."

Maneno hayo alikuwa hajawahi kuyatoa. Tangu msibani yalikuwa yamekaa baina yao kama mgeni asiyejulikana ataondoka lini, na sasa yalikuwa yamesemwa. Fundi alifuta brashi kwa kitambaa, taratibu, upande huu na upande huu.

"Kifute," mke alisema.

"Sifuti."

"Wewe, kifute!"

Wewe. Zamani aliitwa Baba Kijiti, akiitwa kula, akigombezwa, hata akitukanwa. Tangu mazikoni alikuwa wewe.

"Sifuti," Fundi alisema tena, akainama kumalizia kisigino.

*

Kazini walikuwa wanapaka ukumbi wa ofisi, rangi ya mafuta ya kahawia chini, maana hiyo huoshwa ikichafuka, na rangi ya maji nyeupe juu. Mahali zinapokutana panatakiwa mstari. Mafundi wengine hubandika utepe wa karatasi ili wasipinde. Fundi hakuwahi kubandika kitu. Alishika pumzi, akavuta brashi, na mstari ukatoka umenyooka kama umepigwa kwa kamba. Ndiyo maana aliitwa Fundi tu, bila jina la nyuma, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa vibarua.

Asubuhi hiyo Msimamizi alianza na mtu mwingine. Mwenzao mmoja mrefu, waliyemwita Ngazi, alikuwa ameteleza na rola ya rangi nyeupe juu ya kahawia, kisha akaiacha ikauka akidhani hakuna atakayeona. Msimamizi aliikwaruza kwa ukucha. Ikabanduka yote kwa mkupuo, kama utando wa maziwa.

"Rangi ya maji juu ya mafuta!" Msimamizi alifoka. "Bila msasa! Ni sawa na kupaka uji kwenye kioo. Wewe umejifunzia wapi, kwenye keki?"

"Imeteleza, bosi."

"Akili yako ndiyo imeteleza. Piga msasa mpaka ukuta uwe na makwaruzo, weka praima ya kushikia rangi, ndipo urudi juu. Kila mpumbavu anajua hilo." Akageuka, akauona mstari wa Fundi. "Fundi. Huu mstari au nyoka?"

Watu waliacha kazi wakatazama. Mstari ulikuwa umetambaa juu, ukashuka, ukapanda tena.

"Nitaurekebisha."

"Hurekebishi. Teremka. Nenda ukasugue kuta za choo."

Kusugua kuta za choo ilikuwa kazi ya mtu aliyeajiriwa jana. Fundi aliteremka ngazi. Ngazi, aliyekuwa ameshambuliwa punde tu, alifurahi kupata wa kumrithisha masimango.

"Bosi, usimlaumu. Siku hizi mwenzetu si mpaka rangi, ni msanii. Mke wangu alikwenda kwa mkewe kupimwa gauni, akarudi mbio bega moja limepimwa, jingine bado. Anasema ndani kuna mtu amesimama ukutani!"

Wakacheka.

"Fundi, nichoree na mimi mama mkwe," Ngazi aliendelea. "Lakini mchore anaondoka!"

Wakacheka zaidi. Hata Msimamizi alicheka, akakohoa kuficha. Fundi alichukua msasa akaingia chooni, akafunga mlango, akasugua ukuta mpaka vumbi jeupe likamjaa kope na masharubu. Alipotoka, mmoja alisema, "Tazameni, amezeeka leo hii hii." Hakuna aliyemwuliza kwa nini macho yalikuwa mekundu. Vumbi la plasta linatosha kuwa sababu.

*

Mke alikuwa akishona nyumbani, sebuleni, cherehani mbele ya dirisha. Wateja walianza kupungua. Mmoja alisimama mlangoni akasema apimwe hapo hapo nje. Mwingine alituma mtu kuchukua kitambaa chake kikiwa hakijakatwa. Wiki ya pili mke alikata shauri, akamwita kaka mkubwa wa mumewe.

Kaka mkubwa alikuwa askari jela mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Afande, na yeye aliipenda sauti ya jina hilo kuliko jina alilopewa na mama yake. Alikuja alasiri, akaketi kwenye kiti cha mikono, akautazama ukuta muda mrefu kama mtu anayekagua selo.

"Pale kaburini nilikwambia nini?" alimwuliza Fundi.

"Uliniambia nisimame wima."

"Ukasimama?"

"Nilisimama."

"Ulisimama. Watu walinishika mkono wakaniambia, mdogo wako ni mwanaume. Nikajivuna. Kumbe ulikuwa unaweka akiba ya kuja kulegea nyumbani!" Akaupiga ukuta kofi, begani mwa kivuli. Fundi akashtuka kama amepigwa yeye. "Umeona? Umeruka! Kwa ukuta! Baba yetu alizika watoto wawili, ulimwona amechora nini?"

"Baba alikunywa pombe mpaka akafa, kaka."

"Alikunywa kiume!"

Mke, aliyekuwa amesimama kando ya cherehani, aliinua macho kumtazama Afande, kisha akayashusha.

"Shemeji," Afande alimgeukia, "wewe unasemaje? Uliniita, basi sema."

"Siwezi kushona," mke alisema. "Nikikanyaga pedali naona anavua kiatu. Nasubiri aangushe kiatu. Haangushi."

"Basi imekwisha. Wewe, lete rangi. Kifutwe sasa hivi mbele yangu. Usipokifuta, shemeji anabeba cherehani yake anahamia kwangu leo, na usimfuate. Nimemaliza."

Fundi alimtazama mkewe akitegemea neno. Mke alikuwa anazungusha kidole chake kwenye utepe wa kupimia unaoning'inia shingoni. Hakukataa.

Basi Fundi alitoka kwenda kibandani. Juu ya rafu palikuwa na praima. Kwenye msumari palikuwa na karatasi za msasa, mpya, hazijakunjwa. Alizitazama zote mbili. Akachukua ndoo ya rangi ya maji na rola, akarudi.

Afande alikuwa amekunja mikono kifuani. Askari jela alijua kufuli, foleni na virungu. Rangi hakuijua. Lakini mke alikuwa ameishi na mpaka rangi miaka yote ya ndoa yao. Kila jioni mumewe alimsimulia makosa ya wenzake, nani amesahau nini, nani amekwaruziwa ukuta wake ukabanduka, na walikuwa wakicheka pamoja sahani zikiwa bado mikononi. Macho yake yalikwenda kwenye ndoo. Yakaenda mikononi mwa mumewe, yakatafuta msasa, yasiuone. Yakapanda usoni kwake.

Fundi alijua amekamatwa. Akasimama na rola ikidondoka.

"Ngoja," mke alisema.

Afande akageuka. "Nini tena?"

"Atandike magazeti kwanza. Atanichafulia sakafu."

Fundi alitandika magazeti. Akaanzia miguuni, kwa sababu hakuweza kuanzia kichwani. Rola ilipita, kivuli kikafifia, ikapita tena, kikaisha. Vishungi ndivyo vilikuwa vya mwisho. Afande alitikisa kichwa akiridhika, akanywa maji aliyokuwa ameletewa, akaaga. Mlangoni alimpiga mdogo wake begani. "Sasa umepona," alisema.

Usiku ule mke na mume walilala wamepeana migongo. Hakuna aliyesema lolote kuhusu msasa.

*

Rangi ilikaa kwa muda, maana sebule ilikuwa kavu. Kisha mke akapata oda ya mapazia, akawa anapiga pasi kutwa, na mvuke ukawa unapanda ukutani. Kwanza palitokea kipele, pale penye goti. Kikawa malengelenge. Asubuhi moja kipande cha ukubwa wa kiganja kilining'inia, na nyuma yake kulikuwa na mkono wa kijivu unavuta kiatu.

Mke alikiona. Fundi alimwona akikiona. Mke alifagia vipande vilivyodondoka, akavimwaga, akakanyaga pedali.

Afande hakualikwa. Alikuwa anapita tu, akaingia kusalimia, akakuta nusu ya mtoto imerudi ukutani.

"Hii nini?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na ya chini ndiyo ya kuogopa. "Hii nini, nawauliza?"

"Imebanduka," Fundi alisema.

"Imebanduka! Wewe hii ndiyo kazi yako, kuta zote unazopaka mjini hazibanduki, hii ibanduke? Ulinifanya mjinga mbele ya shemeji yangu. Umenichezea shere mimi, nikakupiga begani nikikusifu!" Alikuwa ameshafika kwenye meza, ameshachukua kisu cha jikoni. "Nitakikwangua mwenyewe mpaka tofali."

Kisu kiligusa ukuta, rangi ya maji ikadondoka, kikazama kwenye kijivu cha kisigino. Unga wa kijivu ukamwagika.

Fundi alimshika kaka yake mkono. Alikusudia kusema, acha. Kilichotoka kilikuwa mkoromo, kama bomba lililokauka muda mrefu linapoletewa maji, linakohoa hewa na kutu kabla halijatoa kitu. Kikatoka tena. Akateleza ukutani mpaka chini, mkono bado umeng'ang'ania suruali ya kaka yake, na akalia. Hakulia vizuri. Kamasi zilimtoka, mate yalimtoka, alilia akijipiga kisogo ukutani kama mtu anayebisha hodi kwa nyuma.

Afande alitazama dirishani. "Nyamaza! Majirani wanasikia. Nyamaza, mtu mzima wewe! Niachie suruali!"

"Shemeji," mke alisema, "weka chini kisu cha watu."

"Hebu mwangalie! Hebu mwangalie mumeo!"

"Namwangalia. Weka kisu."

"Si wewe uliyeniita?"

"Nilikuita. Sasa nakutoa."

Afande akacheka bila furaha. "Kumbe humu ndani mwanamke ndiye anayevaa suruali."

"Suruali mimi nazishona, shemeji. Hata hiyo uliyovaa niliiongeza kiuno mimi, mara mbili, wala sikumwambia mtu. Toka."

Kisu kiliwekwa mezani kwa kishindo. Afande alijinasua, akakung'uta unga wa kijivu mikononi, akasimama mlangoni akitafuta la mwisho la kusema. "Siku mkifa njaa humu ndani na picha yenu, msinitafute." Akaenda zake.

*

Mke alifunga mlango. Hakumwinua mumewe. Alisimama mbele ya ukuta, akaingiza kucha chini ya rangi iliyoinuka, akavuta. Ikamfuata utepe mrefu, kutoka kiunoni mpaka kwenye kishungi. Akautupa chini, karibu na miguu ya Fundi, akavuta mwingine.

"Daktari alisema si rangi," alisema, mgongo wake ukiwa kwa mumewe. "Nilimsikia kama ulivyomsikia. Nilitaka iwe wewe. Wewe ulikuwepo wa kulaumiwa."

"Najua."

"Hujui kitu! Ungejua ungelia siku ile, tukalia wawili. Umeniacha nalia peke yangu kama mjane, na mume ninaye, yupo juu ya ngazi ya watu." Akavuta utepe mwingine kwa nguvu mpaka ukucha ukakatika. "Unalia leo kwa sababu ya kisu. Na mimi nilikatwa na nini?"

Fundi alijifuta uso kwa shati.

Kivuli kilipokuwa wazi chote, mke alirudi nyuma akakitazama kwa macho ya kazi, yale anayomtazamia mteja. Akavua utepe wa kupimia shingoni. Akaubana kwenye bega moja la kijivu, akaunyoosha mpaka jingine. Akapima mgongo. Akapima kutoka kiunoni hadi pindo la sketi.

"Umemkosea," alisema.

"Wapi?"

"Kote. Bega umempunguza. Na sketi hii ni ya zamani. Muhula huu nilishusha pindo, tena nikaongeza kitambaa. Alikuwa amerefuka. Umechora wa mwaka jana."

"Ni kivuli tu. Kivuli hakina kipimo."

"Hiki kina kipimo! Mimi ndiye niliyekuwa namshonea, nakwambia alirefuka! Ungekuwa unamtazama mtoto badala ya kuchezacheza bombani ungejua." Sauti yake ilipasuka katikati, akaiunga kwa nguvu. "Kijivu kimebaki?"

"Kipo kibandani."

"Kalete. Na msasa ulete, maana najua ulipo. Ulikuwa kwenye msumari siku ile yote."

Fundi aliinuka kwa kushika ukuta. Alikwenda, akarudi na kopo, msasa na brashi ndogo. Alichutama, akakita ncha ya bisibisi chini ya mfuniko, akaubenua. Harufu ikapanda, kali, ikajaa chumba.

"Fungua madirisha kwanza, Baba Kijiti," mke alisema kwa ukali, "si unajua mtoto hawezi..."

Akaishia hapo. Mkono wake ulibaki hewani unaonyesha dirisha. Fundi naye alibaki amechutama, bisibisi mkononi, rangi ya kijivu ikidondoka sakafuni ambako hakuna aliyetandika gazeti.

Kisha Fundi akainuka. Akafungua dirisha la cherehani. Akaenda chumbani akafungua lile, akaenda jikoni akafungua na la huko, akaufungua mlango wa mbele, akauegemezea jiwe. Aliporudi, mkewe alikuwa amepiga magoti, amebana mwanzo wa utepe kwenye kisigino kilichokwanguliwa, anamsubiri ashike upande wa juu.